Msimfiche Mtoto wa Malengelenge

Mtoto kazaliwa miguu imechubuka. Akibebwa, hutoka malengelenge. Akinyonya, hutoka hata mdomoni. Mkunga hajanawa mikono, mawifi wamekwisha kupata jibu: mama kavunja mwiko, au karogwa. Ndugu wasomaji, jibu hilo ni la uongo, na ndilo linalomfungia mtoto chumbani asionwe na daktari.

Maradhi haya, epidemolisisi bulosa, ni ya kurithi. Protini zinazoshikiza ngozi ya juu na ya chini zina kasoro, basi msuguano mdogo tu huibandua ngozi. Aina nyingi zilizo kali hutoka kwa wazazi wawili wazima, kila mmoja akibeba jeni mbovu bila kujua, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Wifi anayemnyooshea mama kidole na amnyooshee na kaka yake!

Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7 mwenye maradhi haya, wa wakimbizi wa Syria, alifikishwa hospitali ya Bochum, Ujerumani, ngozi imemwisha sehemu kubwa ya mwili. Alipandikizwa ngozi ya baba yake, ikakataa. Ndipo madaktari wakamkata kinenani kipande cha sentimita 4 za mraba, wakakipeleka Modena, Italia, kwa Profesa Michele De Luca. Huko seli zikatiwa jeni nzima, zikaoteshwa hadi zikawa shuka za ngozi, akavikwa asilimia 80 ya mwili. Alirudi shule, na mpira anacheza. Mwaka 2023 Marekani nayo ikaidhinisha jeli yenye jeni, ya kupaka kidondani kila wiki. Bei yake msiniulize.

Lakini utafiti hauanzii maabara. Huanzia kwa mgonjwa aliyeonekana. Uingereza, mwaka 1978, Phyllis Hilton alianzisha chama cha DEBRA kwa ajili ya bintiye, na hadi leo kinachangia utafiti. Sisi tunangoja nini? Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wataalamu wa ngozi wanafundishwa tangu 1992. Mpelekeni mtoto, aandikwe, apimwe, wazazi nao waelezwe kabla ya mimba nyingine. Na mfikapo zahanati yoyote, semeni mapema: asibandikwe plasta, asinyanyuliwe kwa makwapa, lengelenge litobolewe kwa sindano safi na ngozi yake ya juu iachwe palepale.