Kitabu Kiingie Nyumbani

Watoto wa mwambao wetu, kuanzia Saadani na Bagamoyo hadi visiwa vya Mafia, huanza kusoma mapema. Wengi wao, kabla ya kuvaa sare ya darasa la kwanza, wamekwisha kukaa jamvini chuoni wakashika alifu na juzuu. Hiyo ni hazina. Lakini chuoni na shuleni mtoto hukutana na kitabu kwa wajibu, na mara nyingi mbele ya bakora. Arudipo nyumbani hakuti hata kimoja cha kumfurahisha. Hapo ndipo penye kasoro.

Historia yetu ina somo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mafia ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kwa hesabu ya Serikali, mwaka 1986 waliobaki hawakufika mmoja katika kumi. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, maktaba za vijiji zilipofifia na magazeti ya vijijini yalipokoma, wako waliofuzu wakasahau. Kusoma kusikotumika hufa, kama shamba lisilopaliliwa.

Watoto nao wamo katika hatari hiyo hiyo. Upimaji wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila wanafunzi 100 wa darasa la pili, wapatao 8 tu ndio waliosoma Kiswahili na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa. Serikali ikaleta mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu mwaka 2015, na mwaka 2016 ikaanza kutekeleza elimumsingi bila malipo. Hatua hizo zimejaza madarasa. Saa za jioni ni juu ya wazazi.

Wako watakaouliza: mimi sikusoma, nitamsomeshaje mwanangu? Jibu ni jepesi. Bibi asiyejua herufi hata moja ndiye bingwa wa hadithi. Mtoto aliyezoea kuitikia "Pakawa" amekwisha kujua utamu wa kisa. Basi apewe kitabu, asome yeye, na mzazi asikilize na kumwuliza, "Kisha ikawaje?" Robo saa baada ya sala ya isha yatosha. Asikatizwe kwa kila neno alikoseapo, wala kusoma kusigeuzwe kuwa adhabu. Simu na iwekwe kando kwa muda huo, ya mtoto na ya mzazi pia.

Mwambao huu si mgeni wa vitabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Ni aibu kwa mtoto wa mji huo kukua bila kuona kitabu cha Kiswahili nyumbani kwao.

Lakini si haki kumlaumu mvuvi anayepima bei ya kitabu kwa kilo ya unga. Hapa tunasema na watendaji. Ziko shule ambazo vitabu vya hadithi hufungiwa kabatini kwa hofu ya kupotea, mpaka mchwa wakavisoma kabla ya watoto. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake. Kilichobaki kipya kabatini ni hasara. Walimu wakuu waruhusiwe kuviazima hadi nyumbani, na asiadhibiwe mwalimu kwa kitabu kilichochanika kwa kusomwa. Halmashauri nazo zitenge fungu la vitabu vya watoto, dogo lakini la kila mwaka. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ishirikiane nazo ili sanduku la vitabu lisafiri kwa mashua kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kila kijiji kipate zamu yake.

Samaki mkunje angali mbichi. Wazee wetu walijifunza kusoma ukubwani, baada ya kazi za mchana kutwa, kwa mwanga wa taa ya chemli. Kwa mtoto tunahitaji robo saa tu kila usiku, na kitabu kimoja kilichotoka kabatini. Wazazi na viongozi, tuanze leo.