Pikapu ya Marehemu



Wiki hii tumepokea swali la mama mmoja aliyetoka eda miezi michache iliyopita. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha pikapu aina ya Peugeot 504. Injini ingali nzima, lakini ndani imechakaa: viti vimepasuka, ngozi ya milango imebanduka, na kitambaa cha dari kimening'inia hata humgusa dereva kichwani. Vijana wake wawili wataka kuirudishia uzuri wake kwa heshima ya baba yao. Mabinti wake watatu wamenyamaza. Mama auliza iwapo jambo hilo si israfu. Kisha aongeza, kwa haya ya mzazi asiyependa kuwasema wanawe: gharama hiyo itoke katika fungu la nani?

Tuanze na la mwisho, maana ndilo zito.

Pikapu ile si ya vijana wala si ya mama peke yake. Ni mali ya mirathi. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate haki zao. Kwa kuwa mama ametueleza kwamba wazazi wa marehemu walitangulia mbele ya haki na mke ni yeye peke yake, hesabu ni nyepesi. Mali hugawanywa mafungu manane: mama fungu moja, kila binti fungu moja, na kila kijana mafungu mawili. Tuseme watu wawili wajuao magari wameikadiria pikapu, kama ilivyo leo kabla ya kuguswa, kuwa ni shilingi 320,000. Fungu moja ni shilingi 40,000. Vijana wakiitaka iwe yao, wawape mama na dada zao jumla ya shilingi 160,000, kisha waitengeneze wapendavyo. Wakitaka ibaki ya wote, basi gharama na pato vifuate mafungu yale yale, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni. Ndugu wa tumbo moja hawakutolewa katika adabu hiyo.

Na hawa mabinti walionyamaza? Kunyamaza kwa mwanamwali huhesabiwa ridhaa anapotakwa idhini ya ndoa. Katika mali yake, kunyamaza si ridhaa. Waulizwe mmoja mmoja, faraghani, na mama yao, si mbele ya kaka zao.

Ama israfu, hilo lategemea nia na kipimo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na wazee wetu waliiamini kwa barabara mbovu na mizigo mizito. Chombo kinachoweza kubeba madafu na samaki na kuleta riziki, kukitunza ni kuhifadhi neema. Lakini kukivika mapambo ya kuringia barazani ilhali nyumba ina deni, hiyo ndiyo israfu yenyewe.

Wakiafikiana kutengeneza, wayajue haya.

Adui mkubwa wa pwani si umri, ni chumvi na unyevu. Ngozi bandia ya mlangoni hubandikwa juu ya ubao mwembamba. Ubao ukinywa maji huvimba, klipu zikachomoka, ngozi ikaachia. Basi kubadili ngozi peke yake ni kupaka chokaa ukuta unaovuja. Fundi aondoe kwanza skrubu, kishikio na mkono wa kuzungushia kioo, ndipo aubandue ubao polepole pembeni mwa kila klipu. Aangalie matundu madogo yaliyo chini ya mlango: hayo hutoa maji ya mvua, nayo huzibwa na vumbi na majani. Yazibuliwe, kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi. Karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ubao irudishwe, au iwekwe mpya. Mafundi wengi huitupa, na mwaka haumaliziki kabla ubao mpya haujavimba kama wa zamani.

Ubao wa zamani usitupwe upesi, hata ukiwa umeoza. Ndio kipimo. Ulazwe juu ya mpya, uchorwe, na matundu yatobolewe kabla ya kuvishwa ngozi. Ngozi ianikwe juani kidogo ilainike, kisha ivutwe kuanzia katikati kwenda pembeni ili isifanye mikunjo. Gundi ipakwe mahali penye hewa, mbali na moto na watoto, kwani mvuke wake hushika moto na hudhuru kifua.

Katika viti, wanawake wanaojua cherehani wana la kusema. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu. Utakiwe uzi wa nailoni au poliesta, na sindano nene, namba 16 au 18. Vifuniko vya zamani vifumuliwe mishono, vipande vyake viwe ruwaza. Tusisahau kwamba magari mengi ya zamani, Volkswagen Beetle likiwa mojawapo, yalijazwa viti vyake nyuzi za makumbi, zile zile walizosokota bibi zetu kuwa kamba. Kazi hii si ngeni kwetu. Ila mikanda ya usalama isishonwe wala isitiwe rangi: ikichakaa, ibadilishwe.

Bei na muda vikubaliwe kabla ya kitu kubanduliwa, na malipo ya mwanzo yasizidi gharama ya vifaa.

Limebaki neno moja kwa mama yetu. Kabla ya pikapu kupelekwa kwa fundi, na wewe na wanao wote muwepo, pekueni mifuko ya milango, chini ya viti na nyuma ya kiti. Wenye magari ya mizigo huweka humo vijikaratasi: fulani namdai mia tano, fulani ananidai elfu mbili. Karatasi hiyo ni nzito kuliko pikapu yenyewe. Deni la marehemu hutangulia mgao, na anachodai ni haki ya warithi wote, mabinti wakiwemo. Fundi hatojua thamani yake. Ataifagia pamoja na vumbi.

Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu, ampe mjane wake subira, na azipatanishe nyoyo za wanawe. Amin.