Kikombe cha Barghash kilichoandikwa "Japan"

Jamani, naomba tuambizane ukweli. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale pale mjini, simtaji jina, alinionyesha kikombe cha Kijapani chenye picha iliyojificha, akaniapia kwamba kilikuwa cha Seyyid Barghash. Bei yake? Mshahara wangu wa mwezi, na chenji hakuna.

Kwa asiyevijua, ni vikombe vyepesi vya chai, vingi vina joka lililotuna kwa nje. Ukichungulia ndani huoni kitu. Ukikinyanyua kwenye taa, chini kabisa inatokea sura ya mwanamke wa Kijapani, nywele zimefungwa juu. Si uchawi huo. Kitako kimefinyangwa kwa unene tofauti, palipo pembamba mwanga unapita, palipo panene panabaki kivuli. Ufundi wenyewe Mfaransa mmoja alishaupatia hataza mwaka 1827.

Sasa kipindue usome. Kikiandikwa "Nippon", kwa kawaida ni cha kati ya 1891 na 1921, maana mwaka 1891 Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Kikiandikwa "Japan", mara nyingi ni cha baada ya hapo. Vingi vilibebwa na askari wa Kimarekani baada ya vita kwisha 1945. Barghash alifariki 1888. Alikinywea lini?

Lakini uongo huo haunikeri kama huku kwetu Chwaka. Wanunuzi wanapita wakitafuta milango, makasha na vyombo vya zamani, wanamulika vikombe vya kinamama kwa tochi ya simu. Kisicho na picha kinaitwa takataka, kinachukuliwa kwa bei ya kilo ya mchele. Na bibi wa watu anaamini!

Takataka? Salma binti Said, katika kitabu chake cha 1886, alieleza vyumba vya Unguja vilivyopambwa kwa kauri na vioo kwenye vidaka. Unguja Ukuu vimefukuliwa vigae vya kauri ya China vya zaidi ya miaka elfu moja. Kunduchi na Kaole bakuli zilipachikwa makaburini, leo sehemu nyingi limebaki shimo la duara. Wajanja hawakuwaonea haya hata maiti.

Najua nitajibiwa kwamba mwenye njaa hali kikombe. Kweli, na mama wa mwani ana haki ya kuuza chake. Auze kwa bei ya haki. Wengine watasema kazi hiyo ni ya makumbusho. Beit el Ajaib, iliyokuwa makumbusho, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, watu wakafa. Sitamwambia mzee asubiri.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye simu ya kamera, kabla ya kumwita dalali, piga picha kitako cha kikombe. Muulize bibi kilikuja kwa jahazi gani au kwa harusi ya nani, andika na jina la kijiji. Dalali akikataa kuichukua karatasi hiyo pamoja na kikombe, mrudishie pesa zake.