Baraka: Kabla ya tofali la kwanza, nani amechora nyumba?

Kwa Baraka na Fizi, wakaaji wengi wanaanza kujenga na fundi mwashi tu; arshitekte wanamuona ni mtu wa matajiri. Fundi anajua kusimamisha ukuta. Lakini mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia katika manyumba ya kandokando, na tetemeko la Desemba 2005 lilibomoa manyumba kule Kalemie. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mwenye kujenga ampeleke arshitekte kwenye parsele. Akiuliza maji yalifika wapi, udongo ukoje, kuta zitafungwa na vyuma gani, huyo anajua kazi. Aonyeshe pia nyumba aliyochora zamani, mwenyewe aulizwe. Anayechora bila kukanyaga parsele, asipewe makuta.