Kiatu cha Siku Moja, Mguu wa Siku Zote

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba kila vazi lina siku yake. Kanzu ya Idi hukunjwa ikafukizwa udi, ikangoja sala. Mtu atokaye alfajiri kwenda kuvua hujifunga kikoi kikuukuu, wala hapana amwonaye fukara kwa hilo. Nahodha wa Lamu naye hapakii boriti na mawe katika mashua aliyoitengeneza kwa mashindano. Ajabu ni kwamba hekima hii tuliyolelewa nayo tumeisahau lilipokuja suala la kiatu cha kukimbilia, na hasara yake nimeiona kwa macho yangu mjini Garissa.

Nilikuwa mgeni wa rafiki yangu huko. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri na kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma, nilimkuta mwanawe, kijana wa sekondari, ameketi kizingitini akikanda mguu kwa maji ya chumvi. Muundi ulikuwa umevimba. Kando yake palikuwa na viatu vya rangi ya machungwa, vyepesi kama unyoya, soli zake nene kama mkate wa mofa. Soli hizo zilikuwa zimejaa miiba ya migunga, na moja ilikuwa imebanduka upande.

"Ni viatu vya mbio, adeer," akaniambia. Na adeer kwa Kisomali ni ami. "Kaka aliniletea kutoka Eastleigh, vya mtumba. Nimevikimbilia kila siku kwa miezi mitatu."

"Na mashindano ya shule yalikwendaje?"

"Sikukimbia. Mguu ulikataa."

Jawabu hilo limenikaa moyoni. Kijana alipata kiatu cha ushindi, na kiatu hichohicho kikamzuia kushindana.

Basi na tuelezane, maana wazazi wengi hudhani kiatu ghali ndicho bora kwa kila kazi. Kiatu cha mazoezi aghalabu kina uzito wa gramu 250 hadi 300. Raba yake ya chini ni ngumu, kisigino kimeshikwa vizuri, na hutarajiwa kwenda kilomita 500 hadi 800 kabla ya kuchoka. Kiatu cha mashindano ni kiumbe kingine. Vingi ni chini ya gramu 220. Ndani ya soli mna povu laini linalorudisha nguvu mguu unapokanyaga, na katikati ya povu hilo hutiwa bamba gumu la nyuzi za kaboni. Ili uzito upungue, raba ya chini huchongwa ikawa nyembamba mno.

Mwaka 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia alishinda marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, akiwa amevaa kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138 tu. Jozi yake iliuzwa dola 500, yaani zaidi ya shilingi 70,000 za Kenya wakati huo. Waliokitengeneza walisema wenyewe kwamba kimekusudiwa marathoni moja tu, pamoja na siku chache za kukizoea. Fikiri, msomaji: bei ya mbuzi si mmoja wala wawili, kwa kazi ya asubuhi moja!

Sisemi wepesi huo ni ulaghai. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila gramu 100 zikiongezwa katika kiatu, mkimbiaji hutumia nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 1. Kiatu cha Nike cha mwaka 2017 chenye bamba la kaboni kilipopimwa, kilionekana kupunguza matumizi ya nguvu kwa yapata asilimia 4. Kwa siku ya mashindano hiyo ni neema. Lakini mwaka 2023 madaktari wa michezo waliandika habari za wanariadha watano walioumia mfupa wa unyayo walipokuwa wakivitumia viatu vya namna hiyo, wakashauri mguu uzoeshwe polepole. Na hayo ni ya nchi zenye barabara laini. Je, kwa kijana akimbiaye juu ya mchanga, kokoto na miiba ya Garissa, povu hilo lifanyeje?

Najua atatokea wa kunikumbusha Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 kwa miguu mitupu. Ni kweli. Lakini amalize hadithi. Bikila huyohuyo alikwenda Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu, akashinda tena, na wakati wake ukawa bora kwa dakika 3. Umaskini wa kiatu haukuwa siri ya ushindi wake.

Wengine waliolipitia jambo hili ni wakimbizi wa kambi ya Kakuma, upande wa Turkana, waliochaguliwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki mwaka 2016. Rose Nathike Lokonyen alikimbia kilomita 10 kambini bila kiatu akawa wa pili. James Nyang Chiengjiek ameeleza jinsi yeye na wenzake walivyofanya mazoezi kwa viatu vya kuazima na visivyowafaa, wakaumia mara kwa mara. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kiatu je?

Wala asiniambie mtu kwamba wana wa Kaskazini Mashariki hawakuumbwa kwa mbio. Abdi Bile wa Somalia alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 1987. Katika marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo mwaka 2021, nyuma ya Eliud Kipchoge walifika Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili wazaliwa wa Mogadishu. Nageeye aligeuka mara kadhaa kumpungia mkono mwenzake amfuate, mpaka wakapata medali wote. Damu ni ileile ya ng'ambo hii ya mpaka. Waliyoyapata wao Ulaya ni mkufunzi, uwanja, na kiatu cha kila siku.

Dini yetu nayo haikudharau mguu wa mja. Twasoma kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha; basi na mabinti wa Garissa wasisahauliwe viatu vinapogawanywa. Twasoma pia habari za Abu Musa, alivyosimulia safari ya Dhatu-r-Riqaa. Watu sita walipokezana ngamia mmoja, nyayo zikachubuka, kucha zikang'oka, wakaizungushia miguu vitambaa, na vita vikapewa jina kwa vitambaa hivyo. Walistahimili kwa kukosa. Sisi tulio na uwezo tuna udhuru gani?

Rai yangu ni hii. Wewe uliye Eastleigh, Mombasa au Dubai, unapotaka kumpelekea ndugu yako kiatu, peleka kwanza kile kizito kidogo, chenye raba ngumu, kimtoshe yeye na kiwe chake peke yake. Hatuna haja ya kutazama mbali: kampuni ya Kenya iitwayo Enda, iliyotoa kiatu chake cha kwanza, Iten, mwaka 2017, ilitengeneza kiatu chepesi cha kasi na baadaye Lapatet cha mwendo wa kila siku, na kazi hiyo ikafanywa hapa kwetu Kilifi. Hata wao walijua kwamba kimoja hakitoshi.

Ama viatu vya mashindano, na viwe wakfu. Sisi tumezoea kuweka wakfu visima, misahafu na mikeka ya msikiti. Kuna ubaya gani shule ya Garissa ikawa na kasha la viatu vyepesi vya saizi mbalimbali, vikatolewa siku chache kabla ya mashindano ili vizoewe, kisha vikarudishwa, vikafutwa vumbi na kumngoja mwingine? Jozi kumi zingetumikia vijana miaka, badala ya jozi moja kumharibu mmoja kwa miezi mitatu.

Kijana wa rafiki yangu nimemwachia ubeti huu, nami nauacha kwako pia:

Cha mbio kiwe kashani, kingoje siku ya mbio,
Cha kazi kiwe guuni, ndicho cha matarajio,
Mguu una thamani, usiutie kilio,
Viatu vi madukani, mguu ni tunukio.