Binti za Selofehadi na kiwanja cha tenisi

Usiku wa kuamkia Ijumaa, wengi wetu tukiwa tumelala, binti wa miaka 18 aitwaye Victoria Mboko alitwaa ubingwa wa tenisi wa Kanada kwa wanawake, mchezo wa mmoja mmoja, mjini Montreal. Katika fainali alimshinda Naomi Osaka wa Japani kwa seti za 2-6, 6-4, 6-1. Njiani alikuwa amekwisha kuwatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina. Wote wanne wamewahi kuwa mabingwa wa mashindano makubwa ya dunia. Binti huyu alipouanza mwaka 2025 hakuwemo hata katika wachezaji 300 bora.

Jina Mboko si la Kiingereza wala la Kifaransa. Wazazi wake walihama kutoka Kongo, jirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika, na yeye ni kitinda mimba wa watoto wanne. Kwa hiyo watu wa ukanda huu tunayo haki ya kufurahi kidogo, ingawa bendera iliyopandishwa ni ya Kanada.

Lakini mimi jina hilo limenirudisha Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, London. Siku ile Mboko alikuwa upande wa walioshindwa. Ilikuwa fainali ya wasichana wawili wawili. Yeye na Mkanada mwenzake Kayla Cross walifungwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi akicheza pamoja na Angella Okutoyi wa Nairobi. Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4, na 11-9 katika pointi za kuamua. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi.

Angalieni, wapendwa, jinsi mabinti hao walivyokuwa karibu siku ile. Pointi mbili tu ziliwatenganisha, na aliyekuwa mbele ni binti wa Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye mmoja amelala na kombe la Montreal. Mwingine alipata dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra mwaka 2024, jambo kubwa, na amekwenda Marekani kucheza na kusoma Chuo Kikuu cha Auburn. Sisemi kwamba amepotea. Umri bado anao. Nauliza tu kwa nini safari zao zilipanda kwa kasi tofauti namna hiyo.

Kusema kwamba Mungu amempa mmoja kipaji zaidi ni jibu jepesi, na pointi zile 11-9 zinalikataa. Kanada ina viwanja vya ndani vya kuchezea hata theluji ikianguka. Ina chama chenye fedha za walimu na nauli, na ina mashindano makubwa nyumbani kila mwaka. Hata Montreal, Mboko aliingia kwa nafasi ya upendeleo waliyompa waandaaji. Mtu alimfungulia mlango, ndipo akaonyesha alichonacho. Rybakina naye alizaliwa Moscow, lakini Kazakhstan ilikubali kumgharamia mwaka 2018 akiwa bado kijana, na mwaka 2022 jina lake likaandikwa Wimbledon kama bingwa wa Kazakhstan. Aliyemfunga katika fainali ile ni Ons Jabeur wa Tunisia. Jabeur alirudi fainali mwaka 2023, akashindwa tena. Tangu Maud Watson ashinde mashindano ya kwanza ya wanawake Wimbledon mwaka 1884, hakuna hata mwanamke mmoja wa nchi ya Afrika aliyetwaa ubingwa ule wa mmoja mmoja.

Okutoyi mwenyewe alianzaje? Mama yake alifariki baada ya kujifungua mapacha, naye akalelewa na bibi. Bibi huyo alikuwa mfanya usafi katika shule moja ya Nairobi, wakiishi humo humo katika eneo la shule, na shule ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Basi. Bibi angekuwa anafagia mahali pengine pasipo na kiwanja, tusingelijua jina hili. Na Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957, alianzia Harlem, New York, katika mtaa uliofungwa magari yasipite ili watoto wacheze. Majirani ndio waliochanga fedha ili aandikishwe katika klabu ya tenisi. Hawakuwa matajiri.

Habari hii ndiyo iliyonifanya nifungue Hesabu sura ya 27. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano. Biblia, ambayo mara nyingi hupita majina ya wanawake kimya, hapa inawataja wote: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, wakadai sehemu ya ardhi kati ya ndugu za baba yao. Hawakuomba kusifiwa wala kuhurumiwa. Waliomba kiwanja. Musa hakuwajibu kwa mila. Alilipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wamenena haki.

Sasa tuje hapa Igogo. Mtaa wetu ni mlima wa mawe. Nyumba zimepanda kati ya majabali hadi juu, na mahali tambarare ni pachache mno. Palipo tambarare, mara nyingi ni pa shule, pa kanisa, au wavulana wamekwisha kuweka magoli mawili ya mawe. Msichana anaonekana pale akipita na ndoo au beseni la dagaa kichwani. Jioni wavulana wakicheza, yeye yuko jikoni, na hakuna anayeona ajabu. Uwanja wa kanisa nao siku sita una geti lenye kufuli, labda pawe na turubai la harusi.

Wako watakaonikumbusha kwamba Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Kweli. Ila kidogo si sifuri, na sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa kwa timu ya vijana wa kiume wa kwaya wanapoomba jezi. Wengine watasema habari ya mavazi. Hilo linazungumzika, akina mama wa kanisa wanajua kushona, na msichana anaweza kukimbia kwa vazi la heshima. Suala la nguo lisiwe kufuli la pili juu ya lile la geti.

Sidai kila mtoto wa Igogo apewe raketi. Tenisi ni ghali, na mpira wa pete unahitaji nguzo mbili na mpira mmoja. Ninachodai ni eneo na saa. Parokia au usharika wenye uwanja unaweza kuamua kwamba Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, uwanja ni wa wasichana, wawe waumini wetu au wasiwe, chini ya macho ya mama wawili wanaoaminika. Na nyumbani, siku hizo, kaka achote maji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya spika moja ya kwaya.

Kuna jambo katika habari ya Selofehadi ambalo wahubiri tunaliruka. Agizo lilitolewa Musa akiwa hai. Lakini ukifika Yoshua sura ya 17, Musa amekufa, nchi inagawanywa, na wale mabinti watano wanasimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua, wakiwakumbusha kile Bwana alichoamuru. Ndipo wakapewa. Katika makanisa yetu mengi yapo maazimio mazuri juu ya watoto wa kike, yameandikwa na kupigwa mhuri, yamelala kabatini. Kamati zitakapokaa kupanga makisio ya mwaka ujao, wasichana wenyewe waitwe kikaoni waseme wanataka nini, na mwenye ufunguo wa geti awepo.