Kabla ya Mtihani Kuna Fomu

Katikati ya mwaka 2025, jioni moja baada ya sala ya isha, jirani yangu wa hapa Kibokoni alinibishia hodi akifuatana na bintiye wa Gredi ya Tisa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Maalim," akanambia, "huyu mwanao ameambiwa achague shule kumi na mbili, na kesho ndiyo siku ya kurudisha. Sisi tunazijua tatu tu."

Nimefundisha kwa miaka mingi, na katika enzi za mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kukomeshwa mwaka 2023, nimewasaidia watoto wasio na idadi kuchagua shule za upili. Nikadhani basi kazi ile itakuwa ya robo saa. La hasha! Tulikaa barazani mpaka saa sita za usiku, chai ikapoa na kupashwa moto mara mbili, na tulipoachana hapana hata mmoja wetu aliyekuwa na hakika ya alichokiandika.

Watu wetu wakizungumzia kuingia shule nzuri, aghalabu huzungumzia mtihani. Huuliza umekuwa mgumu au mwepesi, umevuja au haukuvuja, na fulani amepata ngapi. Ni haki yao. Lakini rai yangu ni kuwa, katika utaratibu huu mpya, sehemu kubwa ya hatima ya mtoto huamuliwa kabla hajaingia chumba cha mtihani, nayo huamuliwa kwenye fomu ambayo hapana mwalimu anayeisahihisha.

Na tutazame utaratibu wenyewe. Mwanafunzi wa Gredi ya Tisa hufanya mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni moja. Mtihani huo hubeba asilimia 60 ya matokeo yake. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya Sita, na 20 nyingine katika tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane. Hapo sina ugomvi. Ni afadhali mara mia kuliko ule ukatili wa KCPE, ambapo homa ya siku tatu ilitosha kumpokonya mtoto kazi ya miaka minane.

Ugomvi wangu unaanza kwenye uchaguzi. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano atakiwa kwanza achague mkondo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo achague mseto wa masomo matatu, kisha misetomingine miwili ya akiba. Kwa kila mseto aandike shule nne. Katika shule hizo kumi na mbili, maelekezo ya mwaka 2025 yalitaka tisa ziwe za bweni, tatu za kaunti yake na sita za nje ya kaunti, na tatu tu ziwe za kutwa katika kaunti ndogo anamoishi. Shule zote zimepangwa katika madaraja manne, C1 mpaka C4: juu kabisa zile tulizokuwa tukiziita za kitaifa, chini kabisa zile za kutwa za mtaani. Baada ya hapo tarakilishi ndiyo inayogawa.

Sasa nirudi barazani. Binti yule anataka kuwa mhandisi wa meli. Si ndoto ya kuokota; amekulia mahali ambapo upepo wa bandarini huleta harufu ya mafuta, na mjomba wake ni kuli wa Kilindini. Anahitaji fizikia. Shule ya kutwa iliyo karibu, anayoweza kuiendea kwa miguu, haikuwa na mseto aliotaka. Iliyokuwa nao ni ya bweni. Karo ya shule za bweni za daraja la kitaifa imewekwa kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya godoro, sanduku, sare na nauli. Mama yake hupika mahamri na viazi vya karai vya kuuza. Nyanya yake, aliyekuwa akitusikiliza kutoka dirishani, akauliza swali ambalo fomu haikuliwekea nafasi: "Na huko bara, nani atakayemsomesha Kurani?"

Wako watakaolicheka swali hilo. Mimi silicheki. Mtoto wa Mji wa Kale hutoka shule akaenda chuoni, akatoka chuoni akamsaidia mamake, na malezi yake yote yamejengwa juu ya ratiba hiyo. Kumpeleka bweni ni kuibomoa, na kuibomoa huenda kukawa na faida. Lakini watu wanaoombwa wakubali hasara wana haki ya kuulizwa mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kurudisha karatasi. Wala si waislamu peke yao. Jirani zetu wa Tononoka na Majengo, wakristo kwa waislamu, wamekwama pale pale kwenye karo. Kwa familia isiyo na uwezo wa bweni, mistari tisa kati ya kumi na miwili ni mapambo.

Nasi tukaipamba. Nafasi tatu za mwisho za nje ya kaunti tulizijaza kwa majina ya shule tulizozisikia redioni tu, ili pasibaki pengo. Kosa hilo ni langu, kwani mtoto alinitazama nami nikamwambia, "Andika tu, mwanangu, hutapelekwa huko."

Mji huu si mgeni wa milango inayochuja watoto. Serikali ya kikoloni iliwachuja kwa asili yao kabla ya kuwachuja kwa alama. Shule ya Kiarabu ya wavulana ilifunguliwa hapa kisiwani mwaka 1912. Katika miaka ya 1920 ikajengwa Allidina Visram, kwa kumbukumbu ya yule tajiri wa Kihindi aliyetandaza maduka mpaka Uganda, nayo ikawa ya watoto wa Kihindi. Mtoto wa Kiafrika alizipita zote mbili njiani akaenda kutafuta nafasi kwingine. Uhuru ulipokuja, milango hiyo ikafunguliwa kwa wote na chujio likawa ni alama. Ilikuwa hatua kubwa ya haki, na anayeubeza mtihani asisahau kilichokuwapo kabla yake. Alama haziulizi jina la babako.

Fomu nayo haiulizi jina la babako. Lakini huuliza babako anajua nini. Mtoto wa daktari wa Kizingo ana mtu nyumbani wa kumwambia kuwa uhandisi hautaki mseto ule bali huu, na ana gari la kwenda kuzitazama shule kabla ya kuziandika. Mtoto wa muuza viazi ana mwalimu wake tu, na mwalimu huyo ana wanafunzi hamsini na wiki moja.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi, maana mwenyewe amelala mbele ya macho yao, katika makaburi ya Wamazrui yanayotazamana na Ngome ya Yesu. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Katika mtihani wa Cambridge, mwishoni mwa miaka ya 1940, alipata daraja la tatu, matokeo ambayo hayakutosha kumwingiza Makerere. Akaajiriwa kazi ya ukarani katika taasisi ya MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku moja akatoa hotuba katika maulidi, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo gavana, Sir Philip Mitchell. Kutokana na hotuba ile ukafunguka mlango wa kwenda kusoma Uingereza. Akafika Manchester, Columbia na Oxford. Na kabla ya miaka ya 1960 kumalizika, alikuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Makerere ile ile iliyomkosa.

Wanafunzi hukipenda kisa hiki kwa kuwa kinawapa moyo. Mimi kinanitia hofu. Mlango wa pili wa Mazrui ulifunguliwa na bahati: gavana alikuwapo, kijana akapewa nafasi ya kusema. Ni makarani wangapi wa daraja la tatu waliosema vizuri siku ambayo gavana hakuja?

Ndiyo maana nasema mlango wa pili uwe wa kudumu, na ujulikane. Mtoto aliyekosea mseto akiwa na miaka kumi na minne awe na njia iliyo wazi ya kuubadilisha baada ya mwaka, bila mzazi kusujudu ofisini. Orodha ya shule, masomo inayofundisha kila moja, maabara ilizonazo na karo yake, ibandikwe kila shule ya sekondari msingi tangu mtoto akiwa Gredi ya Saba. Mistari ya shule za kutwa iongezwe kwa anayeitaka. Na nyinyi walimu wenzangu, najua mzigo mlio nao, lakini fomu hii ni somo. Itengeeni vipindi kama mnavyovitengea hisabati. Vijazeni vielelezo ubaoni, muwaache wanafunzi wakosee katika karatasi isiyo na madhara. Wanafunzi nao wajifunze kumuuliza mwalimu swali la kwanza kabisa: shule hii inafundisha nini, kabla ya kuuliza ina jina gani.

Matokeo yalitangazwa Desemba 2025. Binti wa jirani alifanya vizuri, hasa katika sayansi. Tarakilishi ikampeleka katika mojawapo ya zile shule tatu tulizojazia pengo, safari ya usiku kucha kwa basi. Mama yake alikuja tena barazani, safari hii hakuketi. Tuliomba abadilishiwe, kama walivyoomba maelfu ya wengine nchini, na Januari 2026 akaingia shule ya kutwa hapa hapa kisiwani. Anatembea dakika kumi na tano, na jioni yuko chuoni kwake. Lakini mseto aliopata hauna fizikia.

Mdogo wake sasa yuko Gredi ya Nane. Juzi mama yao alinisimamisha Ndia Kuu, kapu la viazi kichwani, akaniuliza ni shule zipi za kutwa zenye maabara, na kama zinaruhusu mzazi kuingia kuitazama.